Namna ya Kuchagua Kitambaa cha Makochi Kisichodhuru Mazingira

Kabla ya kwenda kutafuta kitambaa kipya, lipindue kochi juu chini, ng'oa kile kitambaa chepesi kinachoziba tumbo lake, kisha uangalie kilichomo ndani. Iwapo fremu ni ya mbao ngumu, viungo havichezi, na springi au mikanda bado imekaza, basi sehemu kubwa ya kuyahifadhi mazingira umeshaifanya kwa kuamua tu kulibakiza kochi hilo, kwa kuwa hakuna mti mwingine utakaokatwa kwa ajili yake na hakuna mzigo mzito utakaopelekwa jalalani. Kazi inayobaki ni kulivalisha vizuri, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu huchagua kitambaa kwa kuangalia rangi na neno moja la kuvutia lililoandikwa kwenye kibandiko.

Nimevalisha viti kwa muda wa kutosha kuona kazi za mikono yangu zikinirudia zikiwa zimechakaa, na hilo limenifundisha kuliko maelezo ya wauzaji. Siku moja nililetewa kiti cha mikono kilichovalishwa reksini iliyokuwa ikibambuka magamba magamba, ingawa haikuwa imemaliza hata miaka mitano. Nilipong'oa pini za stepla na kuivua ile reksini, nilikuta chini yake kitambaa cha sufu cha zamani ambacho fundi aliyetangulia hakujisumbua kukitoa. Mahali pa kukalia palikuwa pamekwisha kweli, lakini ubavuni na mgongoni sufu ilikuwa nzima, na nilipoufumua mshono wa ukingoni, ndani ya mkunjo ambamo jua halikuwahi kufika, rangi yake ya kijani ilikuwa imeiva kama vile imetoka kwenye jora siku hiyo. Mwenye kiti aliikumbuka sufu hiyo tangu utoto wake.

Kwa hiyo, ninapoulizwa kitambaa gani ni rafiki wa mazingira, swali langu la kwanza huwa ni kitakaa juu ya kiti miaka mingapi, la pili ni kimepakwa nini, na la tatu ni kitaishia wapi kikivuliwa. Swali la kimetokana na mmea gani au mnyama gani lina uzito wake, lakini haliwezi kujibiwa peke yake.

Zijue nyuzi zenyewe

Sufu ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa viti vinavyokaliwa kila siku. Unywele wa kondoo una mawimbi ya asili yanayoufanya urudi mahali pake baada ya kukandamizwa, hivyo kitambaa hakilegei upesi wala hakiachi alama ya makalio. Sufu inaweza kufyonza unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla ya mkono kuhisi kuwa imelowa, na ndiyo maana kiti cha sufu hakinati mwilini wakati wa joto. Jambo kubwa zaidi ni kwamba haishiki moto kirahisi. Inahitaji joto la takriban nyuzi 570 za Selsiasi ndipo iwake, na mwali ukiondolewa kwa kawaida huzimika yenyewe bila kuyeyuka wala kudondosha matone ya moto. Sifa hiyo ya kuzaliwa nayo hupunguza haja ya kuitia kemikali za kuzuia moto, jambo nitakalolirudia hapo chini.

Hata hivyo, sufu haina usafi wa malaika. Kondoo hucheua, na wanaocheua hutoa gesi ya methani inayochangia ongezeko la joto duniani, ndiyo maana kuinunua kwa ajili ya kiti kitakachobadilishwa baada ya misimu mitatu ni ubadhirifu. Vilevile nondo wa nguo huipenda mno. Nondo hao hutaga mayai mahali penye giza na pasipoguswa, kama vile chini ya mito na kwenye mfereji ulio kati ya kitako na egemeo, na viluwiluwi vyao ndivyo vinavyoila sufu. Kinga yake ni rahisi: nyanyua mito kila baada ya wiki chache, fyonza vumbi hadi ndani ya mifereji, na usiliache kochi limejibanza ukutani mwaka mzima.

Kitani kina uzuri wa aina yake. Mmea wake hulimwa zaidi katika ukanda wa pwani unaoanzia Ufaransa kaskazini kupitia Ubelgiji hadi Uholanzi, ambako kwa kawaida hutegemea mvua badala ya umwagiliaji, na mashina yakishang'olewa hulazwa shambani ili umande na vijidudu viulegeze utomvu unaozigandisha nyuzi. Kwa upande wa shamba, basi, ni vigumu kukilaumu. Udhaifu wake uko kwenye mkunjo. Nyuzi za kitani zina nguvu nyingi zikivutwa, lakini hazinyumbuki, na zikikunjwa mahali palepale maelfu ya mara hukatika. Ukikagua kochi la kitani lililotumika miaka kadhaa utaona uwanja wa kati haujambo, ilhali ukingo wa mbele wa kitako, pale nyuma ya magoti yanapogusa, na ncha za mikono ya kochi zimeanza kutoa nyuzi nyeupe. Kwa sababu hiyo mimi hukipeleka kitani kwenye migongo, mapazia na viti visivyokaliwa sana, au hukitafuta kikiwa kimefumwa pamoja na sufu, maana mchanganyiko huo wa nyuzi mbili za asili huleta uimara wa moja na unyumbufu wa nyingine. Nyuzi za bangi ya viwandani, ile jamii isiyolevya, zina tabia inayokaribiana na ya kitani, na huwa nzito zaidi. Ukizipata zimefumwa kwa mshikamano, usisite.

Pamba huhitaji uangalifu zaidi wakati wa kununua. Bahari ya Aral, iliyo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, ilianza kunywea katika miaka ya 1960 baada ya maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kugeuzwa yaelekee kwenye mashamba, na pamba ikiwa ndiyo zao kuu la mashamba hayo. Hiyo haimaanishi kwamba kila pamba ina dhambi hiyo, kwani ipo inayolimwa kwa mvua, na ipo ya kilimo hai isiyotumia viuatilifu vya kutengenezwa viwandani. Inamaanisha tu kwamba neno pamba pekee halikuambii lolote. Kwa makochi, pamba nyembamba huchakaa upesi, ilhali mahameli mazito ya pamba na turubai la pamba hudumu.

Kitambaa kinachoitwa cha mianzi ndicho kinachowapoteza watu wengi. Ni kweli kwamba mwanzi hukua haraka bila mbolea nyingi, lakini ili uwe uzi mlaini huyeyushwa kwa kemikali na kugeuzwa viskosi, na njia ya kawaida ya kutengeneza viskosi hutumia disulfidi ya kaboni, kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wanaoivuta. Nchini Marekani, tume ya serikali inayosimamia biashara ya haki, FTC, ilizichukulia hatua kampuni kadhaa kuanzia mwaka 2009 kwa kuiuza viskosi hiyo kana kwamba ni nyuzi za mwanzi mtupu. Ukitaka ulaini wa namna hiyo, uliza liyoseli, ambayo hutokana na mbao lakini kiyeyushio chake hukusanywa karibu chote na kutumiwa tena kiwandani.

Kuhusu poliesta iliyorejelezwa, nina maneno mawili yanayovutana. Hutokana mara nyingi na chupa za plastiki, hivyo hupunguza haja ya kuchimba mafuta mapya, na uimara wake kwenye kochi la watoto au la chumba cha kusubiria wageni hauna ubishi. Lakini chupa ingeweza kurejelezwa ikawa chupa tena, ilhali ikishakuwa kitambaa ni nadra kurudi kwenye mzunguko, na kitambaa chenyewe humwaga vinyuzi vya plastiki visivyoonekana kila kinaposuguliwa na kufuliwa. Ukilazimika kuichagua, chagua iliyo poliesta tupu. Kitambaa cha nusu pamba na nusu poliesta ndicho ninachokikwepa kuliko vyote, kwa kuwa nyuzi zake zimeshikana kiasi kwamba hakiozi kama pamba wala hakirejelezwi kirahisi kama plastiki.

Ngozi halisi iliyosindikwa kwa magome na majani ya miti hudumu miongo, lakini ngozi nyingi sokoni husindikwa kwa kromu, na maji machafu ya viwanda hivyo yasipotibiwa ni sumu kwa mito. Kuhusu ngozi za mimea, kama Piñatex iliyobuniwa na Carmen Hijosa kwa nyuzi za majani ya mananasi, uliza kila mara zimepakwa nini juu na zimegandishwa kwa kitu gani, kwa sababu nyingi bado hutegemea aina fulani ya plastiki ili zisichakae.

Uliza kilichopakwa

Nyuzi safi zinaweza kuharibiwa katika hatua ya mwisho ya kiwanda. Dawa za kuzuia madoa, zile zinazofanya chai ielee juu ya kitambaa kama shanga, kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazivunjikivunjiki katika udongo, maji wala miili yetu. Kampuni ya 3M ilitangaza mwaka 2000 kwamba ingeacha kutengeneza mojawapo, PFOS, iliyotumika katika dawa yake mashuhuri ya Scotchgard. Mwaka 2009 PFOS iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm unaodhibiti vichafuzi sugu, na mwaka 2019 ikafuatiwa na PFOA. Ndugu zake, hata hivyo, ni maelfu. Muulize muuzaji moja kwa moja kama kitambaa kimetiwa dawa ya madoa na kama dawa hiyo ina florini, ambayo imo katika PFAS zote, na akishindwa kujibu, omba toleo lisilopakwa kitu. Sufu iliyofumwa kwa mshikamano husukuma matone yenyewe kwa muda wa kutosha wewe kuleta kitambaa kikavu.

Dawa za kuzuia moto nazo zina historia ndefu. Jimbo la California liliweka mwaka 1975 kipimo kilichotaka sponji ya ndani ya kochi ihimili mwali wa moto, na watengenezaji wengi wakakitimiza kwa kuijaza sponji kemikali ambazo baadaye zilikutwa kwenye vumbi la majumbani na katika damu za watu. Kipimo hicho kilibadilishwa mwaka 2013 kikawa cha kuangalia kama kitambaa kinazuia moto wa kufukuta, kama ule wa sigara, jambo linalowezekana bila kemikali hizo, na kuanzia mwaka 2020 jimbo hilo likapiga marufuku kuuza makochi mapya yenye kemikali za kuzuia moto kupita kiwango kidogo mno. Sheria hutofautiana, na Uingereza, kwa mfano, ilishika njia ya vipimo vikali vya mwali kupitia kanuni za mwaka 1988, kwa hiyo fahamu kwanza sheria ya nchi yako inadai nini, kisha uangalie kama sufu nzito au tabaka la sufu chini ya kitambaa litatosha kuitimiza.

Geuza pia sampuli uangalie upande wa nyuma. Ukiona utando unaong'aa kama gundi iliyokauka, huo ni mpako wa akriliki au mpira uliowekwa ili kuzishika nyuzi zilizofumwa kwa kulegea. Mpako huo huzuia hewa, hukifanya kitambaa kisioze, na mara nyingi ni ishara kwamba ufumaji wenyewe haukuwa imara.

Inawezekana kufanya vyema. Katika miaka ya 1990 mbunifu wa majengo William McDonough na mkemia Michael Braungart walishirikiana na kiwanda cha Rohner nchini Uswisi kutengeneza kitambaa cha viti cha sufu na rami, nyuzi za mmea, kilichoitwa Climatex Lifecycle. Walipochuja rangi 1,600 ili kupata zisizo na madhara, zilibaki 16 tu, na kwa hizo wakaendelea. Mabaki ya kukata, ambayo awali yalikuwa mzigo kwa kiwanda kuyatupa, yakageuzwa matandazo ya bustani.

Vyeti vinasema nini na havisemi nini

OEKO-TEX STANDARD 100 huthibitisha kwamba bidhaa imepimwa na haina vitu vyenye madhara kupita viwango vilivyowekwa. Haisemi chochote kuhusu namna pamba ilivyolimwa, na poliesta isiyorejelezwa inaweza kuipata bila shida. GOTS, cheti cha vitambaa vya nyuzi za kilimo hai, hufuatilia kuanzia nyuzi hadi kitambaa kilichokamilika na hugusa rangi, maji taka na haki za wafanyakazi. Kibandiko cha daraja la juu hudai angalau asilimia 95 ya nyuzi za kilimo hai, na cha daraja la pili asilimia 70. GRS ni ya vitu vilivyorejelezwa, na ili nembo yake ionekane kwenye bidhaa, nusu ya malighafi angalau lazima iwe imerejelezwa. Usiridhike na nembo tupu. Kila cheti cha kweli kina namba inayoweza kutafutwa kwenye tovuti ya wanaokitoa, na ni kazi ya dakika mbili.

Jaribu kwa mikono yako

Omba sampuli yenye ukubwa wa kutosha, si kile kipande cha kiganja. Tafuta kwenye maelezo yake idadi ya misuguo ya kipimo cha Martindale, ambacho husugua kitambaa kwa mashine hadi nyuzi zianze kukatika: kwa kochi la nyumbani la kila siku usishuke chini ya 25,000, na kwa mahali pa umma anza na 40,000. Uliza pia jinsi rangi inavyohimili mwanga, ambayo hupimwa kwa ngazi ya 1 hadi 8; karibu na dirisha chagua 5 au zaidi.

Kisha yaache makaratasi. Inua sampuli kuelekea kwenye mwanga, na ukiona vitundu vingi, ujue nyuzi zitasogea na mishono itafumuka. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua juu ya sampuli mara kumi, na kikitoka na rangi basi kitambaa hicho kitachuja kwenye nguo za wageni. Ishike sampuli kwa vidole gumba viwili, vuta kwa mshazari, na uangalie kama inarudi au inabaki imepinda.

Jaribio la moto ndilo linalofichua udanganyifu. Chomoa nyuzi chache za mtande, yaani za urefu wa jora, na chache za mshindio, zile zinazokatiza upana wake, uziweke mbalimbali, kwa sababu viwanda hupenda kuweka uzi wa asili upande mmoja na wa plastiki upande wa pili. Zishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, maji yakiwa karibu, kisha uziguse na mwali. Sufu hujikunyata, hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalosagika. Pamba, kitani na viskosi hunuka karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Poliesta huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha ushanga mgumu usiovunjika kwa kucha. Muuzaji mmoja aliwahi kuniapia kwamba jora lake lilikuwa pamba tupu, na mtande ulinuka karatasi kama alivyosema, lakini mshindio uliniachia shanga nne nyeusi kwenye sahani.

Kupima, kukata na kuvalisha

Vitambaa vingi vya makochi vina upana wa takriban sentimita 140, na kochi la watu watatu kwa kawaida hula kati ya mita 10 na 14, kutegemea umbo na mito yake. Maua makubwa yanayopaswa kulingana kwenye mishono huongeza kiasi hicho na kuzalisha vipande vingi vya kutupwa, hivyo rangi moja au maua madogo huokoa kitambaa. Uliza pia majora yaliyobaki viwandani. Hayo yameshafumwa na kutiwa rangi, ila hakikisha yanatosha kazi nzima, maana hutapata mengine yanayofanana nayo.

Vua kitambaa cha zamani taratibu, kipande kimoja kimoja, ukiandika kwa chaki kila kimoja kilitoka wapi, kwani ndivyo vitakavyokuwa vielelezo vyako vya kukatia. Usivalishe juu ya kilichochakaa. Pima kwa macho na pua sponji iliyomo: ikiwa imegeuka unga wa manjano, itoe, na mahali pake weka mpira wa asili, nyuzi za makumbi ya nazi au tabaka la sufu kadiri kiti kinavyohitaji. Funga kitambaa kwa stepla au misumari midogo badala ya gundi, ili fundi wa baadaye aweze kukivua bila kukichana, na mito yote itiwe zipu. Kwenye mikono ya kochi na ukingo wa mbele, panapochakaa kwanza, tengeneza vifuniko vya ziada vya kitambaa kilekile.

Bakiza angalau nusu mita kwa ajili ya viraka, uikunje na kuihifadhi gizani ndani ya mfuko wa pamba. Kabla ya kuliziba tumbo la kochi, chukua penseli uandike kwenye ubao wa fremu aina ya nyuzi, jina la kitambaa, mwezi na mwaka.